Orodha Haisomi: Madoadoa, Palizi na Haki katika Kusimamia Mjadala

1. Utangulizi

Mwezi wa Aprili 2022, ikiwa imesalia miezi minne tu kabla ya uchaguzi mkuu wa Kenya, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa (NCIC) ilitoa orodha ya maneno na misemo iliyoiona kuwa inabeba chuki. Orodha hiyo ilichanganya Kiswahili, Kikalenjin, Kikuyu, Kiingereza na Sheng. Madoadoa lilikuwamo, mende lilikuwamo, na kando yao, kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja, likawekwa sipangwingwi, neno la Sheng lililovuma kutokana na wimbo wa vijana, ambalo msemaji wake hasemi zaidi ya kuwa hakubali kupangiwa mambo yake na mtu mwingine. Mwaka huohuo Mahakama Kuu ilisimamisha kwa muda katazo la neno hili la mwisho. Watu wakacheka, na suala zima likaachwa hapo kama kichekesho.

Si kichekesho. Tume iliundwa kwa sheria ya mwaka 2008, baada ya watu zaidi ya 1,100 kuuawa katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Aliyeiomba nchi ichunge ulimi wake alikuwa na sababu. Tunachokipinga katika makala haya si nia ya kuchunga ulimi bali njia iliyochaguliwa, pamoja na ukimya wa wale ambao kazi yao ni kujua jinsi maneno yanavyofanya kazi, yaani sisi wahakiki.

Hoja yetu ni moja. Kusimamia mjadala kwa haki, uwe wa barazani, redioni au darasani, ni kazi ya usomaji. Msimamizi asiyesoma, hata awe na nia njema kiasi gani, huishia kumnyamazisha aliyeumia na kumshukuru aliyemtisha. Tunajua hivyo kwa sababu tumewahi kulitenda kosa hilo wenyewe, tena Kaplong, mahali ambapo halikustahili kutendwa.

2. Kisa cha njia panda

Kaplong ni njia panda. Barabara itokayo Narok kupitia Bomet hukutana hapo na ile itokayo Kericho kwenda Sotik na Kisii. Ukielekea Kisii utaufikia mpaka wa Sotik na Borabu, ambao kwa miongo mingi umewatenganisha Wakipsigis na Wagusii kwenye ramani huku soko la Chebilat likiwakutanisha kila wiki. Ukielekea Kericho utapita Kapkatet. Hapo, tarehe 21 Septemba 1991, ulifanyika mkutano wa hadhara ambamo wanasiasa wa chama tawala walitetea majimbo na kuwatishia waliodai mfumo wa vyama vingi. Tarehe 29 Oktoba mwaka huo mapigano yakazuka katika shamba la Meteitei, Nandi. Mwaka 1992 yakaufikia mpaka wa Sotik na Borabu, na mwanzoni mwa mwaka 2008 mpaka huohuo ukawaka tena.

Hiyo ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni ya chai yenyewe. Mashamba makubwa ya Kericho yalianza kupandwa katika miaka ya 1920 juu ya ardhi ambayo wenyeji walikuwa wameondolewa. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria maalumu ya kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai, wakapelekwa Gwassi, Nyanza ya Kusini. Wakati huohuo mashamba yaliita wachumaji kutoka nje: Wagusii, Waluo, Waluhya na wengine. Basi mahali hapa neno mgeni limejeruhi watu wa pande mbili. Mmoja analisikia akakumbuka usiku wa kukimbia na watoto mgongoni. Mwingine analisikia akakumbuka babu yake aliyefanywa mgeni katika ardhi yake mwenyewe. Anayedai kuwa hisia za mmoja ni za kweli na za mwenzake ni za kujitakia, huyo hajaijua nchi ya chai.

Katika mazingira hayo, miaka kadhaa iliyopita, mwandishi wa makala haya alipewa kazi ya kusimamia mjadala wa walimu wa Kiswahili juu ya riwaya ya Chozi la Heri ya Assumpta Matei, iliyokuwa kitabu cha kutahiniwa katika shule za upili. Wasomaji wanakumbuka kuwa mhusika Ridhaa, angali mtoto, hubandikwa na wanafunzi wenzake jina la mfuata mvua, na kwamba jina hilo humfuata hadi siku nyumba yake inapoteketezwa. Tulikuwa tumeanza kujadili jina hilo mwalimu mmoja, mwenyeji wa upande wa Borabu, aliposimama na kusema kwa sauti ya juu: "Nyinyi mnaisoma kama hadithi. Nyinyi ndio mliotuchoma." Nilimkatiza. Nilimwambia kuwa hapa tunajadili fasihi na kwamba neno nyinyi halina nafasi katika mjadala wa kitaaluma. Akaketi.

Kisha akasimama mwalimu mwingine, mtu mzima, mpole, mwenye Kiswahili cha kupendeza. Alisema kuwa yeye ni mkulima, na kwamba shamba la majani chai lisipopaliliwa kwa wakati wake halina mavuno. Palizi haina chuki, ni kazi tu. Nusu ya chumba ikacheka kidogo. Nusu ya pili ikanyamaza. Nami, nikiwa nimefurahi kuwa tumerudi kwenye utulivu na kwenye sitiari, nilimshukuru kwa busara yake.

Wakati wa chai mwenzangu mmoja alinivuta kando, akaniuliza kama nilielewa magugu ni nani. Sikuwa nimeelewa. Katika orodha ya NCIC umo msemo wa Kikalenjin wenye maana ya kung'oa magugu. Lakini hata kama ningekuwa nimeukariri, usingenisaidia, kwani mwalimu yule alisema Kiswahili sanifu na hakutamka hata neno moja la kukatazwa. Nilimnyamazisha aliyesema ukweli kwa hasira, nikampongeza aliyetoa tishio kwa upole. Nilipima sauti badala ya kupima maana.

3. Sitiari ya doa

Orodha ina kasoro ileile niliyokuwa nayo siku hiyo: huona umbo, haioni tendo. Hebu tulichukue neno lililo mashuhuri kuliko yote, madoadoa, tulisome kama tunavyowafundisha wanafunzi wetu kusoma beti.

Doa ni alama isiyotakiwa juu ya kitu safi. Kwa hiyo anayewaita watu madoadoa hakusema jambo moja bali manne. Kwanza, amedai kuwa ipo nguo, na kwamba nguo hiyo hapo awali ilikuwa nyeupe. Ameandika historia nzima ya ardhi bila kuleta ushahidi. Pili, amedai kuwa nguo ina mwenyewe, naye ndiye anayezungumza. Tatu, amemgeuza mtu kuwa uchafu, na uchafu hauna kinywa wala hauulizwi maoni yake. Nne, na hili ndilo la hatari zaidi, ameyageuza maovu kuwa usafi. Anayefua nguo hajisikii kuwa anamdhuru mtu. Palizi ya mwalimu wetu ilifanya kazi hiyohiyo: iliondoa damu katika tendo, ikaweka jembe na jasho la halali.

Lakini neno hilohilo likiondolewa katika mfumo huo halina sumu. Chui ana madoadoa na hakuna anayemdai aoshwe. Katika jamii za wafugaji ng'ombe mwenye madoadoa hafuliwi. Anapewa jina kwa rangi yake, na mwenyewe akajivunia. Mshairi akiandika kuwa nchi hii inapendeza kwa madoadoa yake, atakuwa amelichukua neno la wauaji na kulipindua. Orodha itamkamata mshairi huyo pamoja na mchochezi. Tena itamwacha huru kila mchochezi atakayehamia kwenye palizi, kufagia, kupepeta au kuchambua mchele. Kiswahili hakina upungufu wa kazi za nyumbani za kufanyia sitiari.

Tazama kilichotokea Januari 2022, miezi mitatu kabla ya orodha kutolewa. Seneta mmoja alikamatwa baada ya kulitumia neno madoadoa katika mkutano wa hadhara mjini Eldoret, akashtakiwa, na baadaye akaomba radhi kwa waliokwazika. Watetezi wake walisema lilikuwa ni suala la vyama na kura tu. Inawezekana. Lakini lilisemwa Eldoret, mbele ya umati, mwaka wa uchaguzi, na watu waliokuwa wamelisikia likitangulia moto miaka ya nyuma. Hadhira ni sehemu ya maana. Hilo ni somo la kwanza katika fasihi simulizi. Fanani hawezi kuichagua hadhira yake, akaitumia kumbukumbu yake, kisha akasema hakuijua.

4. Dhidi ya wenzetu wanaosema kuwa sitiari haiui

Katika idara zetu wapo wenzetu ambao hujibu suala hili kwa kuinua mabega. Fasihi, wanasema, ni uwanja wa ishara. Neno ni neno, na anayeua ni mshika panga. Hutaja, na wana haki ya kutaja, majina ya waliofungwa kwa ajili ya maneno yao: Abdilatif Abdalla aliyefungwa kuanzia mwaka 1969 hadi 1972 kwa kijikaratasi chake cha kuuliza Kenya inakwenda wapi, na Ngũgĩ wa Thiong'o aliyewekwa kizuizini mwishoni mwa 1977 baada ya tamthilia ya Kamĩrĩĩthũ kupigwa marufuku. Hutuonya kuwa kila rungu litakalochongwa kwa ajili ya mchochezi litamwangukia mshairi.

Onyo hilo tunalikubali. Ndiyo maana tunaipinga orodha. Lakini wenzetu hawa wanasema mambo mawili yasiyopatana. Wakiwa darasani humfundisha mwanafunzi kuwa fasihi huamsha, hubadilisha na hukomboa. Kuwa ushairi wa gerezani uliutikisa utawala. Wakitoka nje wanasema maneno hayana nguvu yoyote. Haiwezekani neno liwe na nguvu ya kukomboa tu na lisiwe na nguvu ya kuangamiza. Jembe linaloweza kulima linaweza pia kuvunja fuvu.

Gharama ya kuinua mabega tuliiona The Hague. Joshua arap Sang, mtangazaji wa KASS FM na mwendeshaji wa kipindi cha asubuhi cha Lene Emet, alishtakiwa katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kuhusiana na ghasia za 2007 na 2008. Kesi ilianza kusikilizwa Septemba 2013, ikakatizwa tarehe 5 Aprili 2016 kwa uamuzi wa wingi wa majaji, bila kumtia hatiani wala kumtangaza kuwa hana hatia. Hatumhukumu hapa, wala hatuna mamlaka hayo. Tunachouliza ni hiki: katika miaka yote hiyo, ni idara ngapi za fasihi katika nchi hii zilizokaa chini na kuchunguza usemi wa redio za lugha za wenyeji, jinsi mtangazaji anavyompokea msikilizaji aliyepiga simu, anapomkatiza, anapocheka, anapomwachia msemo upite? Tuliwaachia mawakili na wakalimani kazi ambayo ni yetu. Tusishangae tume ilipokosa wasomaji ikaamua kutoa orodha. Hata kabla ya hapo, tarehe 30 Desemba 2007, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Huo ndio usimamizi wa asiyejua kusoma: akiogopa neno moja, hufunga vinywa vyote.

5. Dhidi ya kauli kuwa aliyekwazika ndiye mwamuzi

Wapo wengine ambao wameshikilia upande wa pili. Hawa husema kuwa hakuna haja ya nadharia ndefu: anayeumizwa na neno ndiye ajuaye uzito wake, basi akisema limemuumiza liondolewe. Kauli hii ina utu ndani yake, na msimamizi asiyeanza kwa kumsikiliza aliyeumia hafai kushika kiti. Mwalimu wa Borabu alikuwa na haki ya kusikilizwa kabla ya sitiari zangu zote.

Hata hivyo kuumia ni ushahidi, si hukumu. Kama kingekuwa hukumu, kila mjadala ungemilikiwa na yule anayeweza kulia kwa sauti kubwa zaidi, na katika nchi zetu mwenye sauti kubwa mara nyingi ndiye mwenye askari. Mwaka 2013 tamthilia ya Shackles of Doom ya Cleophas Malala, iliyoigizwa na wasichana wa shule ya Butere, ilizuiwa kuingia katika tamasha la kitaifa la drama kwa madai kuwa ingechochea chuki za kikabila; Mahakama Kuu ikaamuru iigizwe. Mwaka 2025 shule hiyohiyo ilirudi na Echoes of War ya mwandishi huyohuyo, ikazuiwa. Mahakama Kuu ikaamuru tena iigizwe. Na tarehe 10 Aprili, mjini Nakuru, wanafunzi wale walikutana na mabomu ya machozi, wakaimba wimbo wa taifa na kuondoka bila kuigiza. Ni nani aliyekuwa amekwazika safari hii ya pili? Hakuwa mkimbizi wa Sotik wala mjukuu wa Talai. Aliyekwazika alikuwa mamlaka.

Haki, kwa hiyo, haimaanishi kupima machozi ya wote kwa kibaba kimoja. Msimamizi ana wajibu wa kuuliza: neno hili likiachwa, ni nani atakayelipa? Mkubwa akichekwa atapoteza usingizi. Jirani akiitwa gugu atapoteza nyumba. Machungu hayo mawili yana haki ya kutajwa, lakini hayana haki ya kutendewa sawa.

6. Msimamizi anayeuliza

Je, tufanye nini basi? Kazi hiyo si ngeni kwetu. Wakipsigis wana kokwet, baraza la majirani, ambamo wanaogombana husikilizwa mbele ya wote kabla ya mzee kutoa muhtasari na uamuzi. Hatutaki kulipamba: kwa muda mrefu wanawake hawakuwa na sauti sawa humo, na mchumaji wa chai kutoka mbali hakuwa na kiti. Lakini lina kanuni ambayo orodha haina. Anayetajwa yupo, na anaweza kujibu. Katika fasihi andishi tunayo Mnazi: Vuta N'kuvute ya Abdilatif Abdalla, ambamo ndugu wawili wanaougombea mnazi hupewa kila mmoja kinywa chake, na msomaji akaachiwa mzigo wa kuamua. Mshairi hakumfuta yeyote, aliwapangia zamu.

Kutokana na hayo tunapendekeza kuwa kila anayesimamia mjadala ajifunze kuuliza kabla ya kukata, na maswali yake yawe matatu. La kwanza: katika usemi huu, ni nani aliyegeuzwa kuwa kitu? La pili: hadhira hii, mahali hapa, inaelekezwa kufanya nini? La tatu: anayesemwa ana nafasi ya kujibu? Usemi unaomgeuza mtu kuwa kitu, ukaelekeza mkono kwake, na kumnyima kinywa, ukatizwe papo hapo, hata ukiwa umevikwa methali. Usemi mkali usiofanya hayo uachwe, hata ukiwa umejaa hasira.

Laiti ningeyajua maswali hayo siku ile! Mwalimu wa Borabu nisingemwambia aketi. Ningemuuliza: "Nyinyi nani, mwalimu?" Huenda angetaja tukio, au mwaka, au watu wachache; na walimu Wakipsigis waliokuwamo, ambao hawakuchoma nyumba ya mtu, wangetoka ndani ya nyinyi hiyo kwa heshima. Mkulima wetu naye ningemuuliza: "Magugu ni nani?" Hapo angelazimika ama kuyataja mbele ya macho ya waliotajwa, ama kuirudisha sitiari yake kwenye shamba la chai. Tishio la mafumbo huishi kwa sababu hakuna anayelifumbua hadharani.

Jambo la mwisho ni sababu. Msimamizi akilikataza neno, aseme waziwazi kwa nini, ili uamuzi wake nao uhakikiwe. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 33, imekwisha kuchora mpaka: uhuru wa kujieleza haufikii uchochezi wa ghasia wala matamshi ya chuki. Kinachokosekana ni wasomaji wa kuonyesha, kwa kila usemi, mpaka umevukwa wapi. Tume, vituo vya redio na waandaaji wa tamasha wanawahitaji wasomaji hao. Nasi tuwafundishe, tena si kwa Kiswahili na Kiingereza peke yake. Mhitimu wa fasihi aliyezaliwa Bomet lakini hajawahi kuhakiki hotuba moja ya Kikipsigis, au aliyezaliwa Nyamira lakini hajawahi kuhakiki wimbo mmoja wa Ekegusii, amefundishwa kuhakiki lugha za wengine tu.

7. Hitimisho

Tunayo methali tunayoipenda sana: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huimbwa kama sifa ya ukarimu wetu na ya uchapakazi wetu. Katika nchi ya chai mgeni alipewa jembe, akapewa na kikapu cha kuchumia, akalima na kuchuma miaka sitini, wanawe na wajukuu wakazaliwa hapo. Methali haisemi ni siku ya ngapi anapoacha kuwa mgeni. Haisemi pia ni nani aliyempa jembe hilo, na alilipata kwa kumnyang'anya nani. Maswali hayo mawili ndiyo mjadala wenyewe wa Kaplong, na hakuna hata moja kati yake litakalopatikana katika orodha ya maneno yaliyokatazwa.

Wahakiki tusipoyauliza, yatajibiwa tena kama yalivyojibiwa 1992 na 2008. Mwalimu yule wa Borabu alikuwa amenipa nafasi ya kuyauliza, nami nikamwambia aketi.